Mgongo kwanza

Nimetoka uwanjani sasa hivi, hapa Goma, vumbi jeusi la volkano bado liko miguuni.

Juzi niliwasimulia wanafunzi habari za Dick Fosbury, Mmarekani wa mchezo wa kuruka juu: Olimpiki ya Mexico, 1968, aliruka ufito kinyumenyume, mita 2.24, akachukua dhahabu. Leo warukaji wakubwa karibu wote wanaruka kama yeye.

Binti mmoja, mpole sana, akaomba ajaribu. Tukapanga magodoro (bila magodoro nisingekubali kamwe).

Akaja mbio kwa kupinda, akageuza mgongo, akapaa.

Kisigino kikagusa ufito wa mwanzi. Ukatetemeka… ukatetemeka…

Haukuanguka!

Akabaki amelala chali, anaangalia mbingu, hasemi kitu. Machozi yalinitoka.

Ndugu zangu, nani kati yenu ameshaona jambo kama hili? Niandikieni.