Mtoto atasubiri vipi kama kila siku unampiga chenga?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi kila wiki ni lalamiko lilelile, mtoto hana subira, akiona ubuyu dukani anajitupa chini, ukimwambia ngoja anapiga kelele mtaa mzima ujue. Wengine wanashauri fimbo, wengine wanasema ni simu ndo zimewaharibu. Mi naona tuanze na sisi wenyewe.

Wengi mmeshasikia ule mtihani wa Walter Mischel wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, kuanzia miaka ya 1960 mwishoni, mtoto wa chekechea anawekewa kitu kitamu mezani anaambiwa ukinisubiri nirudi unapata viwili, ukishindwa unakula hicho kimoja. Huo unajulikana sana. Ila kuna mwingine wa 2013 wa watafiti wa chuo cha Rochester, wao kabla ya kuweka peremende waliwaahidi watoto vifaa vizuri zaidi vya kuchorea, kundi moja wakaletewa kweli, kundi lingine mtu mzima akarudi mikono mitupu eti samahani vimeisha. Ikaja zamu ya peremende sasa, walioletewa wakasubiri wastani wa dakika 12 hivi, waliopigwa chenga dakika 3 tu wakala zao. Na mi siwalaumu hata kidogo, mtu ameshakudanganya mara moja unamsubiri wa nini?

Haya rudi nyumbani. Mtoto anaambiwa usilie mama anaenda hapo nje tu anarudi, kumbe mama huyo yuko kwenye daladala anaenda kazini mpaka jioni. Maliza ugali nitakupa soda, ugali umeisha, soda hamna. Halafu ile kubwa kuliko zote, hela ya Idi au ya Krismasi, "lete nikutunzie", nani hapa aliwahi kurudishiwa?? Sikukuu inayofuata mtoto anaimaliza yote kwenye barafu kabla hajafika mlangoni, mnasema ana tamaa. Hana tamaa huyo, ana akili.

Kwa hiyo kama ni hela mnunulie kibubu akae nacho mwenyewe, akitikise, ahesabu. Ahadi ziwe ndogo za kutimia leoleo maana kwa mtoto wa miaka minne wiki ijayo haipo kabisa. Na usimwekee chapati mbele ya macho ukamwambia usiguse, hata kwa Mischel watoto walisubiri zaidi chakula kilipofunikwa, na walioweza walikuwa wanaimba, wanaangalia pembeni, wanajitafutia cha kufanya. Watu wa pwani wanalijua hili siku nyingi, mtoto anayejifunza kufunga nusu siku hakalishwi jikoni, anaachwa acheze na wenzake, na adhuhuri ikifika sahani yake ipo, hakuna cha ngoja kidogo.

Ya kutoroka asubuhi ndo ngumu. Muage. Atalia ndio, siku za mwanzo atalia sana mpaka majirani wachungulie, lakini mwambie utarudi jioni na jioni urudi kweli. Na dada wa nyumbani aambiwe hivohivo, asimtishie na polisi wala asimwahidi pipi ambazo hazipo. Bibi yake sasa... huyo simsemei, anampa biskuti zote mbili kabla hata hajaomba.