Mbili na mbili, tatu na robo

Mwaka 2009 niliitwa mwizi mbele ya watu wa Birere, na kwa saa mbili hivi hata mimi niliamini kuna kitu kimeibwa.

Nilikuwa kijana wa kazi katika kibanda cha kutengeneza ordinateri, yaani kompyuta, hapo Goma, mashariki ya Kongo, kibanda kilichosimama juu ya lava ya Januari 2002. Ukitaka kuchimbia nguzo unaanza kwa kuvunja jiwe. Asubuhi ile Muzee, mwenye kibanda, alivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta vipuri, akaniachia duka na neno moja: "Usifungue mashine ya mtu kama siko." Nililishika neno hilo hadi saa nne.

Saa nne akaingia kameramani wa harusi. Siku mbili nyuma tulikuwa tumemwekea barete mbili za memori, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu ya mashine, kila moja giga 2, maana programu yake ya kukata video ilikuwa inagoma kila akifika kwenye keki. Sasa alikuwa amerudi na mashine imefungwa kamba nyuma ya pikipiki. Akaiwasha, akafungua dirisha la mfumo, akagonga kioo kwa ukucha: 3,25 Go, yaani giga tatu na robo.

"Mudogo, mbili na mbili ni ngapi?"

"Ine, papa."

"Basi robo tatu yangu iko wapi? Muliikula?"

Hakusema kwa sauti ndogo. Muuza vocha akasogea, mama wa maandazi akasogea, na kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya mizigo, aliyekuwa amebeba makaa akasimamisha mti wake mlangoni kabisa, akaegemea asikilize vizuri.

Nikavunja amri ya Muzee. Nilichomoa barete moja, nikawasha: giga 2. Nikaiweka ya pili peke yake: giga 2. Zote pamoja: tatu na robo. Kijana wa chukudu akacheka mpaka akakaa chini. Lililonitisha zaidi ni kwamba mashine yenyewe, ilipokuwa inaamka, kabla Windows haijaingia, ilihesabu megabaiti 4096, yaani giga 4 kamili, kwenye kioo cheusi. Mali ilikuwa inapotea njiani. Hapo nikaanza kumwaza Muzee vibaya. Nilijiambia ameweka barete za bandia, na kesi ameniachia mimi.

Aliporudi saa sita hakugusa barete hata moja. Aliingia kwenye orodha ya vifaa, akaipanga ionyeshe nani anakalia anwani gani za memori, akaniambia, "Soma."

Nikasoma. Namba zenyewe ziliandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambapo baada ya 9 zinafuata herufi A hadi F. Kadi ya video: kutoka D0000000 hadi DFFFFFFF. Hizo ni megabaiti 256. Kutoka E0000000 hadi EFFFFFFF: zimewekwa akiba kwa ajili ya PCI Express, njia inayounganisha kadi na mashine, ili kila kifaa kiwe na ukurasa wake wa maelezo. 256 nyingine. Kuanzia F0000000 hadi mwisho walibanana wadogo: kadi ya mtandao, USB, na juu kabisa chipu ya BIOS, programu ya kwanza kuamka mashine ikiwashwa. 256 ya tatu. Muzee akaandika kwenye karatasi ya risiti: 4096 toa 768, inabaki 3328. Gawa kwa 1024. Tatu na robo, bila hata chembe kuzidi.

Kisha akamgeukia mteja. "Tuseme avenue yenu iko na parseli 100. Nyumba yako iko namba 90. Serikali inakuja, inasema kuanzia 82 mpaka 100 ni za posta, polisi na masomo. Nyumba yako haijabomolewa, iko pale pale. Lakini barua ya namba 90 sasa inaenda polisi."

"Na mimi nitapokea wapi?"

"Haupokei."

Prosesa, alituambia, haijui barete wala kadi. Inajua namba tu, na Windows XP ile ya biti 32 ilikuwa na namba 4,294,967,296, basi. Kadi ya video nayo inaongeleshwa kwa namba zilezile, kwa hiyo ikishapewa yake, memori iliyokuwa nyuma ya namba hiyo inakuwa bubu.

Nilipomuuliza nani anagawa namba hizo, Muzee alifurahi kuliko swali lilivyostahili. BIOS inapita kwa kila kadi na kujaza tarakimu 1 katika kila biti ya rejista yake ya anwani, kijisanduku cha kuwekea namba, halafu inasoma kilichobaki. Biti za chini zilizokataa kugeuka, zikabaki sifuri, ndizo zinazosema kadi inataka uwanja wa ukubwa gani. Ndipo inapimiwa na kuandikiwa mwanzo wa uwanja wake. Mfumo endeshi ukiamka unakuta ugawaji umeshafanyika. Mara nyingi unaukubali, mara nyingine unapanga upya. Leo, kwenye Linux, nauangalia katika /proc/iomem, na ukiifungua bila haki za msimamizi unaonyeshwa sifuri tupu, kama mtu anayeuliza mambo ya kadastre, ofisi ya viwanja, bila karatasi.

Dawa ilikuwepo. Mashine ile iliweza kuihamishia memori iliyofichwa juu ya giga 4, ila XP yake haikupanda huko: Microsoft walikuwa wameifunga makusudi, kwa sababu piloti nyingi za vifaa, yaani programu zinazoviendesha, zilivurugika zikipewa anwani kubwa namna hiyo. Ilihitaji mfumo wa biti 64, na kadi yake ya kuingizia video haikuwa na piloti ya biti 64. Muzee akajitolea kurudisha barete moja, amwekee ya giga 1 na kumrudishia tofauti ya pesa.

Kameramani akafikiri. "Hapo nitaona tatu?"

"Tatu kamili."

"Acha. Robo ni yangu."

Akaifunga mashine kwenye pikipiki, akamwambia kijana wa chukudu kwamba yeye ana giga ine, ila robo tatu inakaliwa na serikali. Watu wakatawanyika. Muzee akaokota skrubu moja iliyobaki mezani, akainyanyua kwenye mwanga, akaniangalia.

"Na hii," akasema, "anwani yake ni wapi?"