Sindano juu ya makoro

Baba mdogo alikuwa fundi wa redio huko Birere, mtaa wa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye kibanda cha mbao kilichonuka risasi ya kuchomelea kutwa nzima. Chini ya meza alikuwa na katoni ya spika zilizopasuka, sisi tulizoea kuziita bafle. Siku moja ya mwaka 2003, nikiwa na miaka 12, alibandua duara zito jeusi nyuma ya bafle moja kwa bisibisi na nyundo, likavunjika vipande viwili. "Chukua," akaniambia. "Lakini usivisogeze karibu na kaseti zangu, vitafuta nyimbo zote."

Nilijaribu kuvirudisha pamoja kama mtu anayeunganisha sahani iliyovunjika. Vilikataa. Kila nilipovilinganisha pale pale vilipopasukia, vilisukumana na kuteleza vidoleni kama samaki. Nikakigeuza kimoja juu chini: vikarukiana kwa nguvu hadi vikanibana ngozi ya kidole. Sikujua bado kwamba kila kipande kilikuwa sumaku kamili, chenye ncha ya kaskazini upande mmoja na ya kusini upande wa pili, na kwamba hata ukivunjavunja vipi hutapata kipande chenye ncha moja peke yake. Nilichojua ni kwamba nimepewa kitu kilicho hai.

Kimoja nilikifunga kamba nikakiburuta njia nzima hadi nyumbani. Anayeijua Goma anaujua mchanga wetu, mweusi, wa volkano. Nilipofika, sumaku ilikuwa imeota ndevu. Mama akaniambia nikanawe uchafu ule. Nikaosha kwa maji na sabuni, ndevu hazikutoka.

Nyumbani kwa wakati ule palikuwa nyumba ya mbao juu ya makoro, ndivyo tunavyoyaita mawe ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji, ilipasuka, mto wa moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, na tulichoweza kubeba. Tuliporudi, nyumba yetu ya matofali ilikuwa chini ya jiwe, na jiwe lenyewe bado lilikuwa na joto. Kilichoonekana ni pembe moja tu ya ukuta, imechomoza kama jino. Baba na mama walibishana mwaka mzima kuhusu kile kilichokuwa chini ya miguu yetu: hapa sebule, hapana, hapa chumba cha watoto. Sikupenda kuwasikiliza.

Shuleni nilimpelekea mwalimu wa fizikia ile sumaku, ndevu zake zikiwa bado juu. Alikuwa na chaki na ubao tu, vifaa vingine hakuna, na somo la sumaku alikuwa analifundisha kwa maneno. Alipoiona alifunga daftari lake. Akatutuma tulete kila kitu cha chuma tulichoweza kupata. Tukaleta misumari, kopo la maziwa, funguo, kifuniko cha sufuria ya aluminiamu, na mimi nikaleta waya wa shaba kutoka kwa baba mdogo. Misumari ilirukia sumaku, kopo likajibandika. Kifuniko hakikutikisika, na shaba yangu vilevile. Niliona aibu, kama vile nimeleta kitu cha bandia. Mwalimu akasema shaba ni madini halisi kabisa, ila sumaku haivuti kila chuma king'aacho: inavuta chuma chenyewe, nikeli na kobalti, pamoja na michanganyiko yake kama chuma cha pua cha aina fulani. Na katika mchanga wetu mna chembe za magnetiti, madini yenye chuma. Hizo ndizo ndevu.

Kisha akaazima sindano ya kushonea. Akaisugua juu ya sumaku, kutoka tundu hadi ncha, akiinyanyua kila mara na kuanza upya. Hakuirudisha nyuma hata mara moja. Alisema ndani ya sindano mna sehemu ndogo ndogo nyingi, kila moja ni kama sumaku inayoelekea kwake, na kuzisugua upande mmoja ni kuzipanga zielekee pamoja. Akailaza juu ya jani katika beseni la plastiki lenye maji. Jani likazunguka polepole, likatulia. Tukatazama nje ya dirisha: sindano ilikuwa imeelekea Nyiragongo.

Darasa zima lilinyamaza. Mimi nilisema kwa sauti kile ambacho nadhani wengi walikiwaza, kwamba mlima unaivuta.

Mwalimu hakucheka. "Sindano hii ukienda nayo Rutshuru, kaskazini ya mlima," akasema, "mlima utaachwa nyuma yako. Itageuka kuutazama?" Haitageuka. Itaendelea kutazama kaskazini, kwa sababu dunia nzima ni sumaku, na Nyiragongo iko tu upande huo wa mji wetu. Nilifarijika sana, siwezi kueleza jinsi gani.

Lakini mwenzetu mmoja aliokota koro uani, akalisogeza pembeni ya beseni, karibu kabisa. Sindano ikayumba. Akaliondoa, sindano ikarudi. Hapo mwalimu alieleza jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Magnetiti ikipashwa joto kupita nyuzi 580 hivi, hupoteza usumaku wake. Lava ilishuka ikiwa na joto kubwa kuliko hilo, haina mwelekeo wowote. Ilipopoa, chembe zake zilishika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa siku zile zile, zikagandia humo. Jiwe lililotufunika liliandika kaskazini ilikuwa wapi Januari ile.

Jioni nilitengeneza sindano yangu. Nikaweka beseni juu ya makoro ya uwanja wetu, na sindano ikadanganya: hapa ilielekea huku, hatua tatu mbele ikaelekea kule. Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Nilimweleza kuhusu jiwe, na kwamba nguvu ya sumaku hupungua upesi ukienda mbali nayo. Hakusema kitu. Akaleta pipa la plastiki, akalisimamisha karibu na ile pembe ya ukuta, akapandisha beseni juu yake. Sindano ikatulia, ikatazama mlima.

"Ukuta huu niliujenga kwa kamba," akasema, "umenyooka kutoka mlimani hadi ziwani. Mlango wetu ulitazama ziwa."

Akatazama sindano tena, akageuka upande wa ziwa, akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye pembe. Kwenye ya tisa akageuka kulia, akapiga mbili, akasimama. Akamwita mama.

Mama alitoka akifuta mikono kwenye kitenge. Alitazama pembe ya ukuta, akamtazama baba aliposimama, akavua kandambili. Kisha akatembea polepole upande wa kushoto, hatua nne, akainama na kuweka kiganja juu ya jiwe.

"Basi jiko lilikuwa hapa," akasema.