Siku Tano Nje ya Kalenda

Kuandika hadithi za ajabu ukiwa Mombasa kuna taabu yake: msomaji anamjua jini kuliko wewe. Anajua kabila lake, anajua udi anaoupenda, na ana binamu aliyewahi kupandwa naye. Mwandikie kwamba jini alitokea usiku wa manane chini ya mibuyu ya Mama Ngina, hatashtuka. Atakuuliza alikuwa anataka nini.

Haya niliyathibitisha barazani kwetu Kibokoni, nilipowasomea akina mama sura ya kwanza ya riwaya yangu. Katika rasimu ile, jini anamtokea karani kwenye ngazi za bandari ya zamani. Khalati yangu alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua.

“Huyo ni wa baharini au wa nchi kavu?”

“Wa baharini, khalati.”

“Basi mbona umemvisha viatu?”

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akadakia na kisa cha kwao Kuze, cha kweli kabisa kwa kiapo chake, na wallahi kilikuwa kitamu kuliko changu. Kusoma kukaishia hapo, kahawa ikamiminwa.

Nikawatoa majini wote kwenye kitabu. Si kwamba siwapendi. Lakini hadithi ya aina hii inamtaka msomaji apoteze pa kushika, na mtu wa Pwani ukimpa jini umempa pa kushika tele: ana dua yake, ana fundi wake, ana bei ya mbuzi. Ajabu ikabidi niitafute kwenye vitu tulivyovizoea hadi hatuvitazami tena. Nilianza na tarehe.

Ami yangu alikuwa baharia wa majahazi kabla ya kurudi kwenye uvuvi, na hadi leo mwaka wake hauanzi Januari. Unaanza Siku ya Mwaka, Nairuzi, ile ambayo wazee wa Mombasa walikuwa wakimzungusha ng'ombe mjini na kuomba salama. Kutoka siku hiyo mabaharia na wakulima walihesabu kwa miongo, kila mwongo siku 10. Ukimuuliza ami lini kaskazi itatulia, hakutajii mwezi, anakutajia mwongo. Miongo iko 36, jumla siku 360. Mwaka una siku 365. Kwa hiyo zinabaki siku tano ambazo hazimo katika mwongo wowote.

Aliponieleza hayo alikuwa anashona wavu, na akapita juu ya zile siku tano kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi nilibaki palepale. Siku tano zisizo na hesabu! Zinakuwa za nani? Ukikopa siku hizo, unalipa mwongo gani? Mtoto akizaliwa ndani yake, umri wake unaanzia wapi? Kitabu kizima kimetoka kwenye maswali hayo.

Kuna jingine. Mwaka huo hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, basi unateleza polepole, siku moja kila miaka minne, karibu siku 25 kwa karne. Ndiyo maana katika karne ya 19 sikukuu hii iliangukia Agosti, na leo Makunduchi kule Unguja wanaoga mwaka, yaani wanaiadhimisha sikukuu hiyohiyo, Julai. Mwaka unaotembea kinyumenyume kwenye majira! Ningeubuni mwenyewe, mhariri angesema nimezidisha.

Halafu nikaingiza mwezi. Maji ya bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inajivuta kivivu. Kupwa kwa bamvua hapa kwetu huangukia karibu saa nne au saa tano asubuhi, mchana mweupe. Hili nalipenda mno. Hadithi za kutisha zimezoea giza. Bahari ya Mombasa hufunua mwamba wake saa ya watu kununua mboga Marikiti.

Nilitaka kujua: ni baada ya miaka mingapi mwezi utaandama siku ileile ya kwanza katika zile tano? Nikakaa na kikokotoo. Miaka 25 ya siku 365 ni siku 9,125. Miezi 309 ya mwandamo ni siku hizohizo, imepungua saa moja na dakika chache tu. Nilidhani nimekosea kubonyeza, nikarudia. Baadaye nikasoma kwamba Wamisri wa kale, nao walikuwa na mwaka wa siku 365, walikuwa wakiitumia hesabu hii ya miaka 25 zamani sana. Sikuona wivu. Nilifurahi kwamba ni kweli.

Basi kitabu kinakwenda hivi. Kila baada ya miaka 25 siku tano zinaanza na mwezi mwandamo, maji yanakupwa kupita kawaida, na mji unaoitwa Majipwa unatokeza chini ya kisiwa, na maduka yake, na misikiti yake, na wadai wake. Wanapanda ngazi saa nne asubuhi na daftari kwapani. Wamekuja kudai. Mhusika wangu mkuu ni karani wa deni wa mji wa juu, mwanamke aliyezaliwa siku ya tatu kati ya tano zilizopita, kwa hiyo kisheria hajazaliwa. Yeye ndiye anayetakiwa kuamua kama deni lililoandikwa nje ya kalenda ni deni.

Hakuna jini hata mmoja. Nilipomsomea khalati sura hii mpya aliacha mchele. “Sasa hao wakidai mtu aliyekufa, analipa nani?” Alikuwa na hofu ya kweli usoni, maana deni la marehemu ni jambo analolijua.

Karani sikumtoa mbali. Mchana mimi mwenyewe niko kwenye ofisi ya uwakala wa forodha kule Kilindini, nalinganisha kilichoandikwa kwenye manifesti na kilichomo kontenani. Watu hunihurumia, wanadhani kazi hiyo inaua ubunifu. Kinyume chake. Pale nimejifunza kwamba karatasi inaweza kumfanya mtu mzima atetemeke, na kwamba kitu ambacho hakimo kwenye orodha kinaweza kukaa bandarini mwaka mzima kila mtu akikiona na hakuna anayekigusa. Huo ni uchawi wa kunitosha. Naandika baada ya sala ya alfajiri mpaka saa moja, mlango umefungwa, feni ikipatikana umeme. Jioni siandiki kitu. Jioni kichwa kimejaa nambari za watu.

Wapo wanaoniambia fantasia ni mambo ya kuiga. Hawajatazama nyuma. Shaaban Robert aliiweka nchi yake ya Kusadikika angani mwaka 1951. Na kabla ya hapo, Fumo Liyongo wa utenzi hadhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na hata akishachomwa anapiga goti kisimani na upinde wake, watu wanakosa maji kwa kumwogopa maiti. Tazama ufundi uliopo pale. Nguvu isiyo na mwisho ina tundu moja tu, nalo tundu limo ndani ya familia, maana anayemchoma ni mwanawe. Nikikwama kwenye kanuni za Majipwa huwa narudi kisimani pale na kujiuliza tundu langu liko wapi.

Kutoka kwenye tenzi nimechukua pia sauti ya wadai. Wao hawazungumzi nathari. Kila wanapopanda ngazi wanatangulizwa na mpiga mbiu, na huyo nimemtungia beti za mizani, yaani silabi, nane nane kila mstari:

Siku tano zimengia
wala hazina sharia
na bahari yakimbia
deni halina mwenyewe

Ubeti huo ulinila asubuhi kadhaa. Mistari mitatu ya kwanza ilikuja kwa urahisi. Wa nne ndio unaobeba bahari, kile kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti katika utenzi mzima, na nikiukosea huo nimejifunga kwa beti zote zinazofuata.

Kuhusu kuchapisha, sina mengi. Mchapishaji mmoja aliusoma muhtasari akaniuliza itasomwa kidato cha ngapi. Simlaumu sana, soko la vitabu nchini limeegemea shule, na riwaya isiyo na mtihani nyuma yake haina mteja wa uhakika. Mswada ukikamilika nitaupeleka kwenye Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, maana wao hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Ikishindikana kuna njia nyingine, na baraza la Kibokoni lipo.

Pembeni nina vitu vidogo vidogo. Hadithi fupi za kusikiliza, ninazozirekodi kwa simu na kuwatumia akina mama walio mbali na baraza. Ya sasa ni ya abiria wa kivuko cha Likoni anayeshuka ng'ambo akakuta ni jana, na watu wake wa jana hawana nafasi naye. Nina ramani ya Majipwa kwenye karatasi ya manila, imechafuka kwa chai. Mpwa wangu anataka kuipaka rangi. Nimemkatalia mara zote, lakini naona ataishinda subira yangu.

Kinachonisumbua wiki hii ni siku ya nne. Siku ya kwanza wadai wanapanda, ya pili wanasoma madeni, ya tatu karani anagundua jina lake kwenye daftari. Ya tano maji yanarudi. Ya nne ni tupu. Nilifikiria vita, nikaona ni uvivu. Mtu mwenye risiti hahitaji upanga. Nilipomlalamikia ami alicheka, akasema siku ya nne ya bamvua wavuvi wenye akili hawaangalii kilichofunuka tena, wanaangalia maji yameanza kurudi upande gani, kwa sababu huwa hayarudi ulipoyaachia. Yanazunguka na kukuzibia nyuma.

Nadhani hapo ndipo sura ilipo: wadai nao wanaweza kukwama juu. Hakuna aliyewaambia. Karani anajua, na ana mpaka adhuhuri kuamua kama atawaambia. Ila siwezi kuandika maji yanayozunguka bila kuyaona, na kutoka mezani kwangu naona ukuta wa jirani. Bamvua ni Alhamisi ijayo, nimeomba ruhusa kazini, na ami amekubali nifuatane naye mwambani kwa masharti mawili: nivae viatu vya plastiki kwa ajili ya mashaza, na nisimuulize kitu chochote kabla hajanywa kahawa.