Siku moja maishani mwangu: mpishi na mchunaji wa kambi ya uwindaji

Ukitaja kambi ya uwindaji, watu wanawaza ujangili, au wanadhani tunashinda tukila nyama. Huku Pori la Akiba la Rungwa, Tanzania, kila mnyama ana kibali chake, askari wa wanyamapori anapanda gari moja na mgeni aliyekuja kuwinda, na anayewinda nyati lazima ashike bunduki yenye kipenyo cha .375 (sehemu ya inchi) au kubwa zaidi. Mnyama akishaanguka, kazi ni yetu wa jikoni na bandani.

Saa 10:30 alfajiri. Moto, chai, mayai. Kabla gari halijaondoka nakagua boksi la kuchunia: kisu kifupi chenye tumbo la mviringo cha kuchunia, chembamba cha kutolea nyama mfupani, noleo, msumeno, kamba, lita 20 za maji na mifuko ya amerikani. Usibebe mifuko ya nailoni. Inafungia joto na nyama inavunda humo humo. Wala usinunue kisu kirefu kwa kuwa kinang'aa: ncha yake inatoboa utumbo, na chuma kigumu sana hakinoleki porini. Nawakumbusha vijana kila safari kwamba mnyama aliyekutwa amekufa hafunguliwi. Damu nyeusi isiyoganda puani ni dalili ya kimeta.

Saa 2 hadi saa 6. Mikate, maharage ya wafanyakazi, kufua vitambaa, kunoa. Ngiri wa jana anachemka taratibu na tangawizi na nyanya. Huyu haliwi akiwa na wekundu ndani hata kidogo, kwa sababu ya minyoo, na mabaki yake tunayachoma au kuyafukia kwa kina. Ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe bila yeye kuugua. Makombo yakifika zizini kijijini, nguruwe wanakwisha.

Saa 8 mchana. Analetwa kuro, yule swala mkubwa wa kando ya maji. Wengi wanaapa kwamba kuro haliwi, ananuka. Kinachonuka ni ngozi. Inatoa mafuta mazito, na ukishika manyoya halafu ukashika nyama, harufu imeshahamia. Kwa hiyo mkono wa kushoto unavuta ngozi tu, wa kulia unashika kisu na haugusi manyoya. Kisu kinapasua kutokea upande wa ndani kwenda nje, ili kisikate manyoya yakadondokea nyama. Tukimaliza ngozi tunanawa kwa sabuni, tunabadili kisu, ndipo tunaanza kukata nyama. Ikichunwa hivyo, steki ya kuro inaliwa bila mtu kuuliza ni ya nini.

Jioni nyati ndiye anayetumaliza. Gari linaingia jua limezama, nyama bado ya moto, na wingu la nzi limeifuata. Paja la nyati ni nene mno. Ukilitundika zima, linaanza kuoza ndani kwenye mfupa wakati nje linaonekana zuri. Tunalipasua kufuata mfupa mpaka hewa ipite. Palipopita risasi tunakata upana wa kiganja kuzunguka jeraha, maana damu iliyovilia inaharibu nyama na vipande vya risasi husambaa mbali kuliko tundu lenyewe.

Katikati ya yote hayo mgeni anakuja na taa yake: anataka sarara, ile nyama laini ya mgongoni, ya nyati wake, usiku huohuo. Yuko hivyo karibu kila mgeni wa nyati. Mwindaji bingwa, yaani anayemwongoza mgeni porini, anatafsiri, mimi naeleza: bosi, misuli sasa inakakamaa, sarara ya leo utaitafuna mpaka kesho. Iache siku tatu kwenye chumba cha baridi. Haridhiki, anarudi tena, anasimama mlangoni mwa banda tukiwa na mikono ya damu. Nampa ini. Kwanza nimelipasua kwenye mirija ya nyongo kutafuta minyoo bapa. Likiwa safi, nalikata vipande vya unene wa kidole na kulikaanga kwa kitunguu na pilipili manga. Akila hilo, ananyamaza.

Saa sijui ngapi, bado ngozi ya kichwa na shingo, nyara ambayo mgeni ataibeba kama kumbukumbu. Masikio yanageuzwa ndani nje, midomo inapasuliwa, kila chembe ya nyama inakwanguliwa, kisha chumvi laini, kilo moja kwa kila kilo ya ngozi mbichi. Chumvi ya mawe haiingii kwenye mikunjo. Hapo manyoya yatanyonyoka na nyara imeharibika. Baada ya siku moja inakung'utwa, inawekwa chumvi mpya. Mgongo umekufa ganzi, lakini ngozi haingoji asubuhi.

Mwisho ni mkia. Tunaukata kwenye maungio kwa kisu. Shoka linaacha vigae vya mfupa kwenye mchuzi. Unakaangwa mpaka uwe wa kahawia, maji yaufunike, kitunguu saumu, kisha muda wa saa nne au tano juu ya makaa madogo. Chumvi naiweka karibu na kuepua, kwa sababu mchuzi unapungua nusu na chumvi haipungui.