Highlander inabanwa na ndugu yake mwenyewe

Kuna watu bado wanabishana eti Toyota Kluger na Toyota Highlander ni gari mbili tofauti. Ni ileile jamani. Japani ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2000 ikiitwa Kluger, Marekani ikaingia 2001 kama Highlander, na Australia wamebaki na Kluger kwa sababu kule jina Highlander Hyundai walishaliwahi.

Enzi hizo SUV nyingi zilikuwa bodi imekalishwa juu ya chesisi ya lori, ngumu kweli lakini inakutikisa mpaka meno. Toyota wao wakachukua misingi ya Camry wakaiinua juu, basi, ukapata gari refu linaloendeshwa kama gari la saluni, na hapo ndo familia nyingi zilipohamia.

Sasa tatizo lake ni siti za nyuma kabisa. Zipo, ila ni za watoto, mtu mzima akikaa huko magoti yanamfika kidevuni, na ukizitumia buti inabaki lita 450 hivi, yaani mabegi mawili matatu kazi imeisha. Honda Pilot na Kia Telluride wameipiga hapohapo, tena Telluride tangu itoke 2019 imefanya watu wengi waanze kuuliza maswali. Toyota nao 2023 wakaleta Grand Highlander, ndefu zaidi kama sentimita 16, nyuma watu wazima wanakaa vizuri tu. Kwa hiyo anayetaka nafasi anaenda kwa Grand, asiyehitaji siti 7 RAV4, ile SUV ndogo ya Toyota, inamtosha, na Highlander huyu wa kati anabaki anagombania wateja na ndugu zake wa damu 😅

Kwenye injini, V6 (ya silinda 6) ya lita 3.5 waliitoa kwa modeli ya 2023 wakaweka injini ya tabo (turbo) ya silinda 4, lita 2.4. Hosipawa zimeshuka kutoka 295 hadi 265 ila nguvu ya kuvuta imepanda, makaratasi yanasema hivyo, mi bado naona V6 ilikuwa tulivu zaidi na ule mlio wake huupati tena. Haibridi ya lita 2.5, ile inayochanganya petroli na umeme, ndo yenyewe sasa. Ina hosipawa 243, haikimbii sana, lakini inaenda kama kilomita 15 kwa lita moja, kwa gari la ukubwa ule! Kama watoto wako bado wadogo, chukua hiyo. Wakishakuwa warefu kukuzidi, nenda kaangalie Grand.