Kigoga changu kilipoitwa hirizi

Aliyenishauri nifunge vifuko vyangu vya kigoga kwa waya "ili vishike vizuri", popote alipo ajue alinila mwezi na nusu.

Nilikuwa napima hewa ya barabarani Tabata, Dar es Salaam, kwa kigoga, ule ujani laini kama manyoya unaoota kwenye mawe yenye unyevu. Hakina mizizi ya kunyonya ardhini. Kinakula kinacholetwa na mvua na vumbi, sumu ikiwemo. Waswidi walianza kukitumia miaka ya 1960. Mwaka 2013 huko Portland, Marekani, watafiti walikusanya kigoga cha mitini sehemu 346, kikawaonyesha kadimiamu, metali yenye sumu, imejazana karibu na viwanda vya vioo vya rangi.

Changu nilikitoa Lushoto, shambani kwa bibi. Akanitazama nikibandua, akauliza, "Mjukuu wangu, mjini mmefikia kula hivi?" Nikakiosha, nikakianika kivulini, nikakitia kwenye vifuko vya chandarua kisicho na dawa, nikavitundika barabarani.

Raundi ya kwanza zinki ilipanda mpaka fundi wa maabara akacheka. Kumbe waya ule umepakwa zinki, mvua ikiupiga inachuruzikia kifukoni. Nikatupa vyote. Raundi ya pili nikatumia mshipi wa kuvulia samaki, elfu mbili tatu hivi.

Siku ya nne kifuko cha kijiwe cha bodaboda hakipo. Wamekichoma moto, na chumvi juu! "Kaka, ile hirizi. Tangu itundikwe hatupati abiria." Mama ntilie naye akaapa usiku kilimwita kwa jina.

Ningeanza na kadimiamu ningepigwa. Nikachukua tishu nyeupe, nikafuta jani la mwarobaini wanaokaa chini yake. Tishu ikatoka nyeusi tii. "Hii mnaivuta kila siku. Kifuko kazi yake kuikamata." Kimya. Kipya nikakiandika KIPIMO CHA MOSHI, MALI YA KIJIWE, nikamkabidhi mwenyekiti wao. Wiki sita hakikuguswa, hata watoto aliwafukuza.

Jamani, kifuko kimoja kibaki nyumbani kimefungwa, la sivyo utalinganisha na nini? Kikikauka juani usihangaike, vumbi kinakamata vilevile.

Majibu: shaba na zinki za barabarani ziliacha mbali kile cha nyumbani, breki na matairi hayo. Nikampelekea mwenyekiti. Akasoma, akauliza, "Na wale wa kijiwe cha ng'ambo wamepata ngapi?"